Kubaini sifa za chembe za nano kabla ya kupima sumu yake majini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi, mafundi wa maabara na maafisa wa mazingira wa Mombasa na pwani nzima wanaotaka kujua kama chembe za nano zinadhuru viumbe vya majini. Maswali mengi huja yakiwa yameruka hatua: mtu ameshaua artemia wake (wale kamba wadogo sana wa maji ya chumvi wanaotumika kwenye majaribio), ndipo anauliza namba alizopata zina maana gani. Hapa tunaanza nyuma kidogo, kwenye chembe yenyewe.

Chembe ya nano ni nini hasa?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa kawaida huitwa ya nano chembe ambayo angalau upande wake mmoja una kati ya nanomita 1 na 100. Umoja wa Ulaya, katika ufafanuzi wake wa 2011 uliorekebishwa 2022, unatazama idadi: nusu ya chembe au zaidi zikiwa katika kiwango hicho, kitu chote kinahesabiwa kuwa cha nano. Poda inaweza kuwa na karibu uzito wake wote kwenye chembe kubwa na bado ikaingia kwenye ufafanuzi huo, kwa sababu zile ndogo ndizo nyingi.

Chupa imeandikwa «nanomita 20». Ya nini kupima tena?

Hiyo 20 ni habari ya chupa. Mtengenezaji alipima poda kavu kwa hadubini ya elektroni, akatoa wastani, akabandika lebo. Kiumbe wako haishi ndani ya chupa. Anaishi ndani ya maji uliyochota, na humo chembe hushikamana, huyeyuka, huvikwa uchafu wa asili, na huzama. Kabla saa 48 za jaribio hazijaisha, kilichomo kwenye bika huenda kimekuwa kitu kingine. Ukiandika kwamba chembe za oksidi ya zinki za nanomita 20 ziliua nusu ya artemia, ilhali majini mlikuwa na mabonge ya nanomita 900 pamoja na ioni za zinki iliyoyeyuka, umeripoti jambo ambalo halikutokea.

Kwa hiyo pima mara tatu: poda ilivyofika, chembe zilipotiwa tu kwenye maji ya jaribio, na jaribio lilipokwisha. Ikiwa fedha zinatosha mara mbili tu, mimi ningeacha ile ya kwanza na kutegemea karatasi ya mtengenezaji. Wapo watakaokubishia, hasa wakaguzi wa majarida. Lakini poda kavu ndiyo hali pekee kati ya hizo tatu ambayo hakuna kiumbe wako aliyekutana nayo.

Sifa ni nyingi. Zipi ni za lazima?

OECD, shirika la nchi kwa ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, limekuwa na kikosi kazi cha nano tangu 2006, na mwongozo wake namba 317 wa 2020 unaeleza kwa kirefu majaribio ya sumu majini na kwenye mashapo. Orodha kamili ni ndefu: ukubwa na mtawanyiko wake, umbo, eneo la uso, chaji ya uso, muundo wa fuwele, kemia ya ndani, koti la nje, uchafu uliobaki kutoka kiwandani, kasi ya kuyeyuka, kasi ya kushikamana.

Kwa maabara yenye mfuko mwembamba, shika kwanza mambo matatu: ukubwa ndani ya maji ya jaribio, kiasi kilichoyeyuka, na kiasi halisi cha madini kilichobaki kikielea tangu mwanzo hadi mwisho. Haya matatu ndiyo yanayobadilisha jibu. Eneo la uso kwa mbinu ya BET, inayotumia gesi ya naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ni zuri ukilipata. Ukikosa, kadiria: gawanya 6 kwa zao la msongamano na kipenyo. Oksidi ya zinki ya nanomita 20, yenye umbo la tufe, hutoa takriban mita 53 za mraba kwa kila gramu. BET ikikupa 15, ujue chembe ni kubwa kuliko ilivyotangazwa au zimeungana kwa nguvu.

Tuna mashine ya DLS peke yake. Inatosha?

Inatosha kukuonyesha mwelekeo. Haitoshi kukupa ukubwa wa kuapia.

DLS husoma mwanga unavyotawanywa na chembe zinazotikisika majini. Tatizo ni kwamba mwanga huo hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo. Chembe moja ya nanomita 100 hutawanya mwanga mara milioni moja kuliko ya nanomita 10. Vumbi kidogo lililoingia dirishani, au mwani mmoja uliopita kwenye chujio, hufunika chembe zako zote. Ndiyo maana wastani wa DLS karibu kila mara ni mkubwa kuliko ule wa hadubini. Tena mashine hii huhesabu pamoja na koti na tabaka la maji linalosafiri na chembe, na hudhani kila kitu ni tufe. Fimbo na bapa huipoteza.

Kuna mtego mwingine ambao wengi huuingia. Mwisho wa jaribio DLS inaonyesha ukubwa umepungua, na mtu anaandika kwamba chembe zimetawanyika vizuri zaidi. La. Mabonge makubwa yamezama chini ya bika, na mashine imesoma yaliyobaki juu. Soma na kiwango cha mwanga uliohesabiwa: kikiwa kimeshuka sana huku ukubwa nao ukipungua, chembe zako ziko sakafuni. Kielezo cha mtawanyiko, ile PDI, kikipita 0.7, usiutumie wastani kabisa.

Na joto. Hesabu ya DLS inategemea mnato wa maji. Chumba cha nyuzi 30, jambo la kawaida hapa umeme ukipotea na kipoza hewa kikizima, kikisomwa na mashine iliyoambiwa nyuzi 25, kinaleta kosa la zaidi ya asilimia 10. Maji ya bahari nayo yana mnato unaozidi wa maji matamu kwa takriban asilimia 8. Ingiza thamani sahihi.

XRD (kipimo cha eksirei) imenipa nanomita 18. Si ndiyo ukubwa wa chembe?

Huo ni ukubwa wa fuwele. Fomula ya Scherrer, ya mwaka 1918, husoma upana wa kilele cha eksirei, na chembe moja inaweza kubeba fuwele nyingi zilizoungana. Toa kwanza upana unaosababishwa na mashine yenyewe, kisha itaje namba hiyo kwa jina lake.

Kwa nini chembe zilizotulia kwenye maji ya distili zinaganda mara tu nikizitia maji ya bahari?

Kwa sababu ya chumvi, na hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwa sisi wa pwani, maana miongozo mingi iliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria mito na maziwa.

Chembe nyingi hukaa mbalimbali kwa sababu zina chaji ya aina moja, nazo hufukuzana. Nguvu hiyo hufika umbali fulani tu kutoka kwenye uso. Katika maji yenye chumvi kidogo sana, milimola 1 kwa lita, umbali huo ni karibu nanomita 10. Katika maji ya bahari ya kawaida, yenye chumvi ya takriban gramu 35 kwa kilo, unashuka chini ya nusu nanomita. Chembe mbili zikikaribiana hakuna tena cha kuzizuia, zinagusana na kubaki zimeshikana. Kwa hiyo ile kanuni ya kwamba zeta, yaani kipimo cha chaji ya chembe majini, ikizidi milivolti 30, chanya au hasi, chembe zimetulia, haikusaidii Nyali wala Likoni. Kuipima zeta yenyewe kwenye maji ya bahari ni kazi ngumu, kwa kuwa mkondo wa umeme huchemsha sampuli na kuharibu elektrodi. Pima kwenye maji yaliyopunguzwa chumvi, kisha useme wazi ulipima wapi.

Mwongozo wa OECD namba 318 wa 2017 unapima uthabiti wa chembe kwa saa 6 katika maji yenye kalsiamu na pH tofauti, pamoja na mabaki ya asili yaliyoyeyuka. Mpangilio wake ni wa maji matamu. Unaweza kuiga utaratibu wake kwa chumvi ya gramu 5, 15, 25 na 35 kwa kilo, na kwa maoni yangu mtihani huo mmoja una faida zaidi kwa mradi wa Mombasa kuliko picha kumi nzuri za hadubini. Mkono wa bahari wa Tudor hupokea maji ya mto Kombeni wakati wa masika, na bamvua ikijaa hurudisha chumvi juu ndani ya saa chache. Chembe iliyotulia Mei kwenye maji ya mvua inaweza kuzama hapohapo Februari.

Nichote maji ya bahari au nitengeneze ya chumvi ya dukani?

Tumia yote mawili ukiweza. Maji ya kutengeneza hukupa namba ambazo mtu wa mji mwingine anaweza kuzirudia. Maji ya kuchota hukupa ukweli wa mahali. Maji ya mikoko, yale yenye rangi ya chai hafifu, yamejaa tanini na mabaki ya majani, na vitu hivi hujibandika kwenye chembe vikazipa koti jipya. Koti hilo mara nyingine huzizuia zisishikane, mara nyingine huzifunga pamoja kwa kushirikiana na kalsiamu.

Ukichota, andika saa, hali ya maji (yanajaa au yanakupwa, bamvua au maji mafu), chumvi, pH na kaboni iliyoyeyuka. Wakati wa bamvua kubwa maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo ndoo ya asubuhi na ndoo ya alasiri kutoka ngazi ileile ya mawe ni maji mawili tofauti. Chuja viumbe vilivyomo, na uangalie usichote karibu na mtaro wa maji taka, isipokuwa huo mtaro ndio unaouchunguza.

Nitajuaje kama kilichoua ni chembe au ni ioni zilizoyeyuka?

Bila kundi linganishi la ioni hutajua, na hapa ndipo tasnifu nyingi huanguka.

Oksidi ya zinki huyeyuka. Kwa mwani, sehemu kubwa ya sumu yake imeelezwa vya kutosha na zinki iliyoyeyuka peke yake. Fedha huyeyuka polepole, na baharini kloridi huidaka: sehemu hutuama kama kloridi ya fedha, sehemu hubaki majini kama viunganishi vyenye kloridi mbili au tatu. Dioksidi ya titani haiyeyuki kwa kiasi cha kuhesabika. Madini matatu, hadithi tatu, na jaribio lile moja haliwezi kuzitenganisha.

Weka makundi haya pembeni ya lile kuu: chumvi ya madini hayo iliyoyeyuka, kwa ukolezi *uliopima* kuwa umeyeyuka, wala si jumla uliyotia, poda ileile ya ukubwa wa kawaida, kimiminika kilichobeba chembe, baada ya chembe zenyewe kuondolewa, na maji matupu.

Sasa kuhusu kutenganisha. Maabara za maji zina mazoea ya zamani: kilichopita kwenye chujio la mikromita 0.45 huitwa kilichoyeyuka. Mikromita 0.45 ni nanomita 450. Chembe zako zote za nanomita 20 hupita hapo zikitembea, na ripoti inaziita ioni. Tumia membreni ya kilodaltoni 3, ambayo matundu yake ni madogo kuliko chembe zako, au sentrifyuji ya kasi kubwa sana. Pitisha kwanza chumvi tupu ya fedha uone membreni yenyewe inameza kiasi gani, maana humeza.

Ukipeleka sampuli kwenye ICP-MS, mashine inayopima kiasi cha madini, waonye kuhusu chumvi, wazimue. Kwa titani kuna jambo la ziada: isotopu yake iliyo nyingi ni 48, na kalsiamu nayo ina isotopu ya 48. Maji ya bahari yana kalsiamu takriban miligramu 400 kwa lita. Usipoomba wasome 47 au 49, utaletewa titani ambayo ni kalsiamu.

Nimetengeneza chembe za fedha kwa majani ya mwarobaini. Nazipimaje?

Miradi ya aina hii ni mingi, na inavutia kwa kuwa ni rahisi na malighafi iko uani. Kilele cha UV-Vis (kipimo cha mwanga unaofyonzwa) karibu na nanomita 400 hadi 450 kinakuonyesha fedha imejitengeneza. Hakikuonyeshi ukubwa kwa uhakika, wala usafi.

Shida ni mwarobaini wenyewe. Una azadirakhtini, ambayo ni sumu ya wadudu, na artemia ni jamaa wa mbali wa wadudu. Usipoosha chembe zako utakuwa umepima dawa ya jani na kuisingizia fedha. Zizungushe kwenye sentrifyuji, mwaga maji ya juu, rudia angalau mara tatu, na yale maji ya juu ya mwisho yatie kwenye kundi lake linganishi. Weka na kundi la maji ya majani yasiyo na fedha. FTIR, kipimo cha mwanga wa infraredi, itakueleza kuna vikundi gani vya kemikali juu ya chembe. Haitakueleza vimetoka kwenye molekuli ipi, hata kama tasnifu za wenzako zinadai hivyo.

Kutawanya poda: dakika ngapi za mashine ya mawimbi ya sauti?

Usiandike dakika, andika nishati kwa kila mililita. Mashine mbili zenye namba ileile ya wati hutoa nguvu tofauti majini. Kupima ni rahisi: tia kipimajoto kwenye maji, washa, angalia joto linapanda kwa kasi gani, hesabu. Weka chombo kwenye barafu wakati wa kazi. Ncha ya mashine nyingi ni ya titani na humomonyoka, kwa hiyo anayepima titani apime na maji matupu yaliyopitishwa kwenye ncha hiyohiyo. Tawanya kwanza kwenye maji ya distili, ndipo umimine kwenye maji ya chumvi dakika za mwisho. Ukianzia kwenye chumvi umeshachelewa.

Kiumbe gani anafaa hapa kwetu?

Dafnia, yaani kiroboto wa maji wa mwongozo 202 wa OECD, ni wa maji matamu, usimlazimishe bahari. Artemia ana waraka wake wa ISO, shirika la viwango, namba 20787 wa 2017, ulioandikwa kwa ajili ya nano, na mayai yake hupatikana kwa wafugaji wa samaki. Hapa pwani artemia waliletwa kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni miaka ya 1980, hivyo si mgeni kabisa. Kasoro yake ni ugumu: anavumilia mengi, na kutokufa kwake hakumaanishi kwamba chaza atapona. Kwa anayetaka jibu la mahali, chaza wa mawe na kome wana maana zaidi, kwa kuwa huchuja maji na hukamata mabonge kuliko chembe mojamoja.

Mwani mdogo hukaa saa 72 kwenye jaribio. Chembe huutia kivuli, na huharibu usomaji wa mashine ya rangi. Hesabu seli kwa hadubini, au toa klorofili kisha usome.

Je, jua lina neno?

Lina neno kubwa kwa titani. Dioksidi ya titani ikipigwa na mwanga wa urujuanimno hutengeneza viini vya oksijeni vinavyounguza seli, na aina ya anatasi hufanya hivyo kuliko rutili. Taa za kawaida za maabara karibu hazina mwanga huo. Ukipata kwamba titani haina madhara chini ya taa, bado hujasema lolote kuhusu jua la utosi la Bamburi. Pima spektra ya taa yako.

Kwa hiyo mafuta ya kujikinga jua wanayopaka watalii Nyali yanaua samaki?

Swali halijibiki hivyo. Titani ya mafuta hayo mara nyingi ni rutili iliyovikwa silika au alumina ili isifanye kazi chini ya jua. Anayeagiza poda tupu ya dukani na kuiita mfano wa mafuta ya ngozi anapima kitu ambacho hakipakwi. Nunua mafuta yenyewe, yaache yachakae kwenye maji ya bahari chini ya jua, kisha pima kinachotoka.

Na matope ya mikoko?

Huko ndiko chembe nyingi huishia. Ile harufu ya yai viza ukikanyaga matope ni salfaidi, na salfaidi hushika fedha na zinki kwa nguvu. Fedha ikigeuka salfaidi ya fedha huyeyuka kwa shida sana, na sumu yake kwa kawaida hushuka. Mara nyingi mabadiliko hayo huwa yameanza tangu kwenye bomba la maji taka. Mtu anayetia fedha safi kwenye bika na kuliita «mfano wa Mtwapa» ajiulize safi hiyo ingefikaje Mtwapa. Ila matope yakifukuliwa, kwa mfano kina cha bandari kinapoongezwa, hewa huingia na hali hubadilika, na hapo sina jibu fupi la kukupa.

Dozi niandike kwa miligramu kwa lita?

Andika, lakini usiishie hapo. Kwa uzito uleule, kipenyo kikipungua mara 10, idadi huongezeka mara 1,000 na eneo la uso mara 10. Mikrogramu 10 tu za fedha ya nanomita 20 kwenye lita moja ni karibu chembe bilioni 230. Toa uzito uliopimwa, kisha idadi na eneo la uso hata kama ni kwa makadirio. Na ukumbuke kwamba makadirio ya fedha ya nano kwenye maji ya nje huwa ya nanogramu kwa lita. Jaribio la miligramu 100 linaonyesha zaidi jinsi mabonge yanavyomziba mnyama matamvua.

Usalama na taka?

Poda kavu ipimwe ndani ya kabati la kunyonya hewa, ukivaa barakoa ya N95 na glavu. Ikishalowa hatari ya kuvuta hewani hupungua sana. Usimwage kwenye sinki. Kusanya, tia lebo, ikabidhi kama taka hatari kwa mbebaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Nahitaji kibali?

Cha utafiti, ndiyo, kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukichota maji, matope au viumbe ndani ya hifadhi ya bahari, zungumza na KWS, shirika la wanyamapori, kabla hujaajiri boti. Na ukiwa unafanya kazi na watu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, waulize mapema kuhusu vipimo vya chumvi na virutubishi, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo wanafunzi wa kemia husahau kuviweka kwenye bajeti.